Msonobari wa Uani

Mwanahawa hakutulia. Wadudu walikuwa wakiutoboa msonobari alioupanda marehemu mumewe, ilhali misonobari ya jirani yake, Bi Tausi, haikuguswa. Akamwita bwana misitu.

“Kwa nini wangu tu? Nimerogwa?”

“Hapana, mama. Wadudu hawa hunusa mti wenye kiu wakaufuata, wenye afya wakauacha. Wako umekosa maji kwa saruji hii iliyofunika mizizi.”

Saruji Mwanahawa aliimwaga mwenyewe, ua usichafuke. Na tayari alikwisha kumwita Bi Tausi mchawi mbele ya watu.

Mwanahawa alichukua sururu akaanza kuivunja, jasho likimtiririka, unga wa mti ukimdondokea mabegani. Mlango wa jirani ukafunguliwa. Bi Tausi alisimama kizingitini, ndoo ya maji mkononi.