Soksi Yenye Macho

Tangu ajue kusema, Nasra hakuwahi kuitikia salamu ya mtu, hata ya baba yake. Siku moja baba huyo, Kitwana, alipokwenda kumchukua shuleni, Mwalimu Sharifa alimvisha mkononi soksi iliyoshonewa vifungo viwili vya macho.

"Msalimie kwa hii, Baba Nasra."

Kitwana aliona haya. Hata hivyo alipiga magoti, akaichezesha ile soksi kama inayosema.

"Hujambo, Nasra?"

Mtoto hakumtazama baba yake. Alivikazia macho vile vifungo.

"Sijambo," akaiambia soksi. "Na wewe?"

Kitwana alimkodolea macho binti yake, akasahau kuichezesha soksi. Nasra alingoja. Kisha aliketi sakafuni, akavua kiatu, akaanza kuivuta soksi yake mwenyewe aivae mkononi.