Binti wa Ukutani

"Hapo habonyezi," alisema mbunifu. "Ataona haya."

Wenzake wote wakageuka kumtazama binti. Binti alikuwa ukutani, kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa juu ya mashine ya kuchapia, amechorwa kwa penseli, mkoba begani, nywele zimesukwa mistari. Umri miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni, simu ya bei rahisi iliyopasuka kioo. Hakuwa mtu wa kweli. Ndivyo kazi yao inavyofanywa: kabla ya kutengeneza programu ya simu unamtunga mtumiaji mmoja, unampa umri, hulka na shida zake, kisha kwa kila kitufe unajiuliza kama yeye atakielewa. Huyu alitungwa kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu, na aliyemtunga ni mbunifu mwenyewe.

Ofisini walimwita Mama Michoro. Hakuwa na mtoto wa kuitiwa jina, wakaona wampe michoro.

Ubishi wa siku hiyo ulihusu kitufe cha kumpigia mkutubi. Mwanafunzi akikosa kitabu anabonyeza, mkutubi anapokea, wanaongea, mambo yanaisha. Bosi alikipenda kitufe hicho kama mboni ya jicho. Mama Michoro akatia ngumu: binti akisikia sauti ya mtu mzima atakata simu, atabaki bila kitabu, na mwisho wa muhula atafeli kwa aibu tu. Yeye alitaka mwanafunzi aandike swali lake kwa maneno mawili matatu, bila hata kutaja jina.

"Si tumemtunga sisi?" Bosi alicheka. "Tumfanye mchangamfu, yaishe."

"Hawezi kuwa mchangamfu. Amekua peke yake, hana kaka wala dada."

"Hilo nalo umelitoa wapi? Mama Michoro, wewe hujalea, mabinti wa siku hizi unawajulia wapi?"

Watu wakavunjika mbavu. Mama Michoro naye alicheka kidogo, akainamia kompyuta yake. Hakuna aliyejua neno lile lilivyomchoma.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikubali wajaribu kwa wanafunzi halisi. Wakaalikwa wa mwaka wa kwanza, wakakalishwa kwenye chumba cha mikutano na biskuti mbele yao, wakapewa simu na kuambiwa watafute kitabu ambacho hakipo rafuni. Wengi walifika kwenye kitufe cha kupiga, wakakitazama, wakarudi nyuma. Msichana mmoja alidai kwamba salio limemwishia, na simu yenyewe ilikuwa ya ofisi. Walipowekewa kisanduku cha kuandika, waliuliza maswali mpaka mkutubi akaomba apumzike. Bosi akanyoosha mikono: binti wa ukutani ameshinda.

Tangu hapo kila kitu kilijengwa kwa kumfuata yeye. Herufi zilikuzwa kwa sababu kioo chake kimepasuka. Ujumbe wa kumkumbusha aliyechelewesha kitabu ulilainishwa, maana angelia. Mama Michoro alimsemea katika kila kikao. Alijua anakaa kona gani ya maktaba, anaogopa mhadhiri yupi, anafua lini. Wenzake walimtania kwamba iko siku atamlipia ada. Miezi ile alikuwa na furaha ya mtu aliye likizoni, anayejua kwamba siku zake zinahesabika.

Zikaisha. Programu ikaanza kutumika, wanafunzi wakaipokea kwa mikono miwili, chuo kikaleta keki. Bosi, kipande mkononi, akauendea ukuta na kuanza kuibandua karatasi.

"Huyu hatumtupi," alisema. "Kazi inayofuata ni ya hospitali. Tutampa maradhi mawili matatu, tumlaze wodini. Uso anao tayari."

"Huyo hapana, bosi."

Mama Michoro alisema taratibu. Bosi akamkumbusha kwamba mchoro ni wa ofisi, umechorwa kwa muda wa ofisi. Mama Michoro akajibu kwamba atamchorea wengine hata kumi, wazee kwa vijana, awape maradhi yoyote apendayo, ila huyo asimguse. Tayari alikuwa ameishika karatasi upande wa pili. Bosi hakuwahi kumwona hivyo. Akamkabidhi karatasi, akabaki anatafuna keki bila kuisikia ladha.

Nyumbani mumewe alikuwa ameshaandaa chai. Hakuuliza kilichokuwa kwenye karatasi iliyoviringishwa. Alipangusa mikono, akavaa miwani, akaikunjua juu ya meza na kuzikandamiza pembe zake kwa vikombe.

"Amekonda," alisema. "Masomo ya chuo yanamchosha."

"Atazoea," mkewe alijibu, machozi yakimtoka.

Wakaingia naye kwenye chumba kidogo cha nyuma, ambacho hakuna mgeni aliyewahi kuonyeshwa. Mume akampatia nafasi ukutani, kando ya mchoro wa binti mwenye uso uleule, aliyevaa sare, wa programu ya hesabu za sekondari, aliyefuatana na mwenye pengo la meno ya mbele, wa mchezo wa kujifunzia kusoma. Mwanzoni kabisa mwa mstari, karibu na mlango, alikuwapo yule wa kipeperushi cha kliniki, kazi ya kwanza aliyopewa Mama Michoro alipotoka hospitali. Pale alichorwa akiwa na mwezi mmoja, umri ambao binti yao hakuufikisha.