Kisanduku cha Ambakisye

Kila mgonjwa wa figo hukabidhiwa kisanduku chenye atomi moja tu. Siku atomi hiyo ikivunjika, kisanduku hulia, na nafasi ya mgonjwa kwenye mashine ya kusafisha damu hupewa mwingine. Wanasema ni haki, kwa kuwa atomi haili rushwa.

Kisanduku cha mume wangu, Ambakisye, kimekaa kabatini miaka mitatu. Nilikifunika kwa blanketi ili atomi isishtuke, na kila alfajiri nilikiombea. Tuliongea kwa kunong'ona. Wajukuu, Sekela na wenzake, niliwakataza kuja kwa sababu ya kelele zao.

Jana, kwenye masomo ya jioni, nilimuuliza mwalimu ni kitu gani huivunja atomi.

"Kiini chake hakina uwiano, mama, ndiyo maana hakitulii," alisema. "Lakini kwa nini kivunjike leo na si kesho, hakuna sababu. Joto, baridi, kelele, havikigusi. Wala hakizeeki."

Nilimweleza Ambakisye nikiwa bado na daftari mkononi.

"Kwa hiyo Sekela na wenzake wangeweza kuja?"

"Wangeweza."

"Miaka mitatu, Mama Lusajo! Hata ugali tumekula kimyakimya kama tumeuiba!"

Akaanza kucheka kwa sauti, kicheko chake cha zamani, huku machozi yakimtoka. Nilitaka kupiga magoti nimwombe Mungu msamaha. Badala yake nilimrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja, na sote wawili tukageuka kulitazama kabati.