Mwalimu wa Mama Watoto

“Haijatajwa!” Kinyozi alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. “Mama watoto, soma vizuri. Wamesema nyuki wanapungua. Nani kakuambia wanapungua kwa sababu ya baridi? Hiyo baridi umeitoa kichwani mwako.”

Mkewe aliinamia kitabu, akajikuna utosi kwa kalamu, akafuta jibu lake.

“Kweli bwana,” alisema kwa unyonge. “Sijui leo nina nini.”

Leo, jana na juzi. Mwanamke huyu alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na mwandiko wa daktari yeyote aliusoma kama anasoma bango la dukani. Lakini akifika kwenye sehemu ya kusoma ya mtihani wa Kiingereza, anageuka gogo. Kusikiliza hakukumsumbua. Kuandika, hivyo hivyo. Kuongea ndiyo usiseme. Ila mpe kurasa mbili za nyuki, za reli kuukuu au za usingizi wa popo, umuulize kama sentensi ni kweli, si kweli au haijatajwa, anazama kama gari kwenye tope.

Hospitali ya ng’ambo ilikuwa tayari kumwajiri akiwa na cheti cha mtihani huo. Familia nayo iliruhusiwa, mradi kila mtu mzima awe na cha kwake. Hapo kinyozi alikuwa ameshatoa hukumu.

“Mimi na vyumba vya mitihani tulipeana talaka tangu shule,” alimwambia. “Nilitoka mle nimelowa jasho, karatasi nyeupe pe. Nenda wewe na mtoto. Mimi nitakuja kutembea.”

Mkewe hakubishana. Alikwenda kukunja nguo.

Si kwamba kinyozi alikiogopa Kiingereza. Kiti chake cha kunyolea kilikuwa ndani ya hoteli, na kutwa nzima alipiga soga na wageni na kuwajibu ujumbe wao wa kuweka nafasi. Kurasa ndefu ndizo zilizokuwa adui yake. Ndiyo maana alicheka mkewe alipomwomba msaada.

“Macho yananiuma nikitoka zamu,” mkewe alisema. “Nisomee kwa sauti, mimi nisikilize.”

Akasoma huku akijikwaa kila mstari. Siku zilivyokwenda akajikwaa kidogo. Kisha mkewe akalalamika kwamba kusikiliza tu kunamletea usingizi, afadhali kila mmoja ajibu kwenye karatasi yake, halafu walinganishe. Atakayeshindwa ataosha vyombo.

Mwanzoni vyombo vilikuwa vya kinyozi. Baadaye mambo yakageuka, mkewe akawa haondoki kwenye sinki, na kinyozi akavimba kichwa. Akawa na mbinu zake. Soma maswali kwanza. Neno gumu lipite kama unavyopita shimo barabarani. Aliwahubiria hata wateja, maana walikuwa wamefungwa kitambaa shingoni wasiweze kukimbia. Nyumbani, binti yao alipouliza nani kamaliza keki iliyokuwa kwenye friji, baba alijifuta midomo akajibu, “Haijatajwa.”

Lakini raha hiyo ilikuwa na mwiba ndani. Kila alipomsahihisha mkewe, alikuwa anamsogeza karibu na uwanja wa ndege. Jioni moja mkewe alichagua jibu baya kabisa, na kinyozi akajikuta anatamani kuliacha hivyo hivyo. Alitazama ukuta. Akatazama kucha zake. Akashusha pumzi.

“Rudi aya ya tatu,” alisema. “Jibu lipo pale.”

“Kumbe unataka niondoke?”

“Nataka ufaulu. Hayo mengine usiniulize.”

Mkewe aliinuka haraka akaenda kuosha vyombo, na siku hiyo aliviosha kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Asubuhi ya mtihani alimkaangia mumewe mayai, akamsimamia mpaka akamaliza. Yeye mwenyewe alikunywa maji tu.

“Umekwenda haja?” alimuuliza wakiwa mlangoni.

“Kwani ninayefanya mtihani ni mimi?”

“Foleni itakuwa ndefu. Na kitambulisho chako usikisahau, getini wanazuia watu.”

Kinyozi akapapasa mfukoni. Kilikuwepo. Mkewe alikuwa amekiazima majuma kadhaa, eti kwenye kujiandikisha wanataka taarifa za mwenza.

Kwenye korido ya kituo cha mtihani, watahiniwa walikaa kwenye mabenchi kimya kama wagonjwa wanaosubiri kung’olewa meno. Kinyozi alimshika mkewe mkono. Ulikuwa umelowa.

“Tulia,” alimnong’oneza. “Maswali kwanza. Likikushinda moja, liruke, utalirudia. Aliyeandika hizo habari ni mtu kama wewe, na hata yeye kuna mambo hayajui. Umenielewa?”

“Nimekuelewa. Wewe mwenyewe unayaamini hayo?”

“Nayaamini kabisa. Mtihani huu siku hizi hata mimi naweza kuumaliza huku nanyoa mtu.”

Mkewe alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

Mlango ukafunguliwa. Msimamizi, mwanamama aliyevaa miwani, alianza kuita watu mmoja mmoja. Wakaingia vijana wawili, akaingia mhandisi mwenye suti. Kisha msimamizi akaita jina la kinyozi, yote matatu, pamoja na lile la babu ambalo hata nyumbani halikutumika.

Kinyozi aligeuka nyuma kumtafuta huyo maskini anayefanana naye majina. Benchi la nyuma lilikuwa tupu. Mkewe alikuwa ameshasimama mbele yake, anamchomekea penseli mbili kwenye mfuko wa shati na kumnyooshea kola.

“Ingia, baba watoto,” alisema. “Mimi nilishafaulu kitambo.”