Mshono wa Ubavuni

Haya niliambiwa jana na binti yangu mkubwa, fundi cherehani, tumekaa kando ya kitanda cha mdogo wake aliyezimia kwa njaa.

Walianza kupunguza unene pamoja: mboga zilezile, matembezi yaleyale. Mkubwa akapungua. Mdogo, wapi.

"Nikamhurumia, mama. Nikawa nafumua gauni lake kwa siri, naliongeza upana. Alipoona linampwaya, akadhani anapungua, akaacha kula kabisa ili apungue zaidi. Nikimwambia ale, anasema namwonea wivu."

Kumbe mgonjwa anasikia. Akalivuta gauni kutoka kitini, akapapasa ubavuni, kidole kikapita juu ya vitundu vya sindano vya mshono wa zamani.

"Kwa hiyo sikupungua hata kidogo, dada?"

Dada mtu akainama.

Mdogo wake akageukia ukutani, uji niliomletea ukapoa bila kuguswa, mpaka akapitiwa na usingizi.