Kipa Aliyeitwa Rusizi ya Kwanza

Nyanya ya kumi na moja ilimpasukia Muhigirwa kifuani. Shati lake la kipa, ambalo asubuhi lilikuwa la kijani, sasa lilifanana na sufuria ya mchuzi.

"Wewe muntu, unashika nyanya sawa vile unashika mwizi!" alifoka Maman Eugénie. "Polepole! Mikono laini!"

Akainamia kikapu chake cha nyanya zilizoharibika, akachagua ya kumi na mbili.

Mwaka ule wa 1984 Muhigirwa alikuwa mtu mashuhuri mjini Kamembe, kwa bahati mbaya. Msimu wake wa kwanza golini alifungwa mabao thelathini na mawili katika mechi tisa. Moja alijifunga mwenyewe kwa kichwa, jambo linalohitaji kipaji cha pekee kwa mtu anayeruhusiwa kutumia mikono. Watu wakampa jina la Rusizi ya Kwanza, mpaka wa kuvukia kwenda Bukavu, kwa kuwa kila kitu kilipita kwake. Wapenda haki walilipinga jina hilo. Mpakani, walisema, angalau unaulizwa karatasi.

Hakuna aliyejua kwa nini Maman Eugénie, mfanyabiashara aliyevuka kutoka Bukavu kila Ijumaa kununua nyanya, alijitwisha kazi ya kumfundisha. Alimkuta sokoni siku wachuuzi walipokuwa wakimrushia vitunguu na kushangilia kila kilipomponyoka. Hakucheka. Alimwambia tu, "Ijumaa ijayo, kwenye kiwanja cha karibu na uwanja wa ndege. Usichelewe."

Kocha wa timu, Mzee Mukengere, hakuwa na pingamizi. Yeye alikuwa amekwisha kumfundisha Muhigirwa kila alichokijua, na kazi hiyo ilimchukua nusu saa.

Baada ya miezi mitatu nyanya zilianza kufika mikononi zikiwa nzima. Halafu Maman Eugénie akamfundisha kutotazama mpira. "Mupira haujui mahali unaenda," alisema. "Muntu ndiye anajua. Tazama muntu."

Msimu wa pili Muhigirwa alifungwa mabao manne tu. Wale wale waliompa jina wakaanza kusema kwamba walimwamini tangu mwanzo. Ajabu ni jinsi walivyoweza kuificha imani hiyo kwa muda wote ule.

Kikabaki kitu kimoja: fainali ya kombe la kirafiki, Kamembe dhidi ya Bukavu. Bukavu walikuwa na Buhendwa, mshambuliaji ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kukosa penalti, na kila mtu alijua kwamba wakubwa wa klabu moja ya Lubumbashi wangekuja kumwona.

"Ni kweli banakuja?" Maman Eugénie alimwuliza Muhigirwa Ijumaa ya mwisho.

"Ni kweli, Maman. Wakiona Buhendwa amefunga vizuri, wanaondoka naye siku ile ile. Lakini labda wataniona na mimi."

Mama akazigeuzageuza nyanya zake.

"Mutoto wangu mukubwa alienda kule Lubumbashi kucheza mupira," alisema mwishowe. "Mwaka wa saba sasa. Hata barua."

Hapo Muhigirwa akaelewa kila kitu. Huyu mama alipoteza mwana, ndiyo sababu akaokota kipa ambaye mji mzima ulikuwa umemtupa.

"Mimi sitakusahau, Maman. Hata nikifika Lubumbashi."

"Tumuombe Mungu," alijibu. Kisha akamsogelea. "Sikiliza. Buhendwa akisimama kupiga penalti, macho yake yataenda kushoto kwako. Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine ni bongo. Ukiona ameuma mudomo wa chini, anadanganya. Ruka kulia."

"Umemwona akipiga mara ngapi?"

"Mingi."

Jumapili kiwanja kilifurika. Wageni wawili wa Lubumbashi waliketishwa mbele kwenye viti vya kanisa, wakapewa soda na mwavuli. Kamembe walipata bao moja mapema, wakatumia muda uliobaki kuomba dua. Dakika ya tisini beki wao akamkwatua mtu ndani ya eneo la hatari. Mwamuzi akanyoosha mkono: penalti.

Buhendwa aliuweka mpira chini kwa utulivu. Macho yake yakaenda kushoto.

Upande wote wa Kamembe ukapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" Muhigirwa hakuwasikia. Alikuwa akitazama mdomo.

Buhendwa akauma mdomo wa chini.

Muhigirwa akaruka kulia, akaukumbatia mpira, akaanguka nao, na hakuuachia hata filimbi ya mwisho ilipolia. Walimbeba juu kwa juu. Waliopata kumwita Rusizi ya Kwanza walipigana wapate kuushika mguu wake. Mzee Mukengere alikuwa tayari anawasimulia wageni jinsi alivyomfundisha mwenyewe, hatua kwa hatua, lakini wao walikuwa wamefunga daftari lao na kuelekea kwenye gari.

Hata hilo halikumuuma Muhigirwa. Akiwa mabegani mwa watu alimwona Maman Eugénie akipenya katikati ya umati, machozi yakimtiririka. Akawaamuru wamteremshe. Akamnyooshea mikono yote miwili.

"Maman! Tumeweza!"

Mama alimpita kana kwamba amepita nguzo ya goli. Muhigirwa akamfuata hadi kwenye alama ya penalti, ambako Buhendwa alikuwa bado amepiga magoti, uso umejificha viganjani. Maman Eugénie akaketi kwenye majani kando yake, akamfuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

"Basi, mutoto wangu," alimwambia. "Ba Lubumbashi bamekwisha kwenda. Twende nyumbani."