Kidonda cha Ng'ombe wa Msalato

"Mume wangu amemkata ng'ombe kwa kisu," alisema Loisi, "nami nimekuja kumshtaki."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nyuma yake alisimama ng'ombe mwekundu, mbavu nje, damu imemkaukia pajani. Walikuwa wametembea wote wawili kutoka Msalato tangu alfajiri.

Sostenes, karani wa zizi, alichovya kalamu katika wino. Zizi lilikuwa la mke wa Mdachi mmoja, Mjerumani wa reli, na watu walimwita mke huyo Bibi Huruma. Alilianzisha mwaka ule treni ilipofika Dodoma, baada ya kuona punda wa misafara wakichapwa hadi wanaanguka. Mnyama aliyeteswa alilazwa pale, akapewa maji na majani. Mtesaji alipelekwa bomani kwa serikali, akala hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya ngozi ya kiboko. Kisha Bibi aliwaandikia rafiki zake Ulaya. Hao walipenda kusikia kwamba mwovu ameadhibiwa, na wakisikia, walituma msaada. Shaban mwenye duka alitoa pumba, Sostenes mwenyewe aliomba majani mlangoni mwa kanisa kila Jumapili, na maji yalishushwa kwa mapipa kutoka kwenye treni.

Mvua zilikuwa zimekosa mwaka wa pili. Asubuhi ile tu alikwisha kuwarudisha wazee watatu na mbuzi wao waliokonda. "Ukame ni wa Mungu," aliwaambia, kama alivyofundishwa. "Sisi kazi yetu ni ukatili wa watu." Zamani aliyasema maneno hayo akitazama chini. Siku hizi yalitoka yenyewe.

"Jina la mumeo?"

"Matonya."

"Kwa nini alimkata?"

"Hasira."

"Na wewe, anakupiga?"

"Niandikie ng'ombe kwanza, karani. Ana mimba. Andika na hiyo. Akifa huyu, nyumba yetu imekwisha."

Sostenes aliinama kukitazama kidonda. Mkato mmoja tu, ulionyooka, mbali na kiwele, na mtu alikuwa ameupaka samli. Samli, mwaka ule ambao watoto walikuwa wamesahau ladha yake.

"Nani kampaka?"

"Mimi. Akipona, mtamrudisha?"

"Mvua zikinyesha. Bibi hachukui mali ya mtu."

Loisi alitikisa kichwa kukubali, akakaa chini kivulini. Ng'ombe alipofunguliwa mlango wa zizi, alitumbukiza mdomo majini asiuinue tena.

Ombasha Abbasi, mkubwa wa askari waliotumwa kumkamata Matonya, alimcheka mwanamke yule. "Mama, unamtia mumeo kibokoni kwa ajili ya ng'ombe? Leo utalala wapi?"

"Kwangu."

"Haya. Siri ya mtungi aijuaye kata."

Sostenes hakucheka. Alimwambia Loisi kwamba misheni wana nyumba ya wanawake, na angeweza kukaa huko hata mwezi. Loisi alimshukuru, akakataa. Sostenes alimhurumia, lakini kwa mbali, kama mguu uliolaliwa unapoanza kusisimka. Kisha ganzi ikarudi, naye akaendelea na kazi yake.

Kesho yake Matonya alisimama bomani, mtu mrefu, shuka begani. Majirani waliokuja kushuhudia hawakumtazama yeye. Walimtazama mkewe na kusonya. Mwanamke gani huyu, walisema, anayemuuza baba wa watoto wake kwa Wadachi?

Bwana mkubwa aliuliza kama mashtaka ni ya kweli.

"Nilimkata mimi," alisema Matonya.

"Sababu?"

"Hasira."

Akavua shuka, akalala kifudifudi kabla hajaamriwa.

Kazi ya Sostenes ilikuwa kuhesabu na kutia sahihi. Mwaka wa kwanza alikuwa akienda nyuma ya ukuta kutapika. Sasa alihesabu huku akiwaza kama jikoni kwake kumebaki unga. Kwenye kiboko cha tisa ngozi ilipasuka. Kwenye cha kumi na tano Matonya alitoa sauti kwa mara ya kwanza, na Sostenes akamwangalia Loisi. Hakuwa akimtazama mumewe. Macho yake yalielekea upande wa zizi, makavu.

Hapo Sostenes aliogopa, na alishangaa kwamba bado anaweza kuogopa. Mtu anayemkata mnyama kwa hasira tu atamfanya nini mke aliyemlaza chini mbele ya kijiji kizima? Msalato ni mbali, na njiani hakuna askari. Alijilaumu kwa kutomshikilia mwanamke yule misheni, hata kwa nguvu.

Hesabu iliisha. Matonya aliinuka. Aliokota shuka, akajifunga kiunoni kwa sababu mgongoni haikuwekeka, akaenda moja kwa moja kwa mkewe. Majirani waliwapisha. Abbasi alikisogeza kiboko mkononi. Sostenes, aliyezaliwa nchi hiyohiyo na kukulia lugha hiyohiyo, alijongea karibu, tayari kujiweka katikati.

Matonya aliinamisha kichwa hadi sikioni mwa Loisi, akasema kwa Kigogo, taratibu:

"Keshokutwa mlete mtamba wake. Ila huyo umshtakie mdogo wangu Marko, maana mgongo huu utakuwa haujapona."

"Anasema nini huyo?" aliuliza Abbasi, ambaye Kigogo hakukijua.

"Anamtukana mkewe," alijibu Sostenes, akafungua ukurasa mpya.